KUIJENGA NCHI BAADA YA VITA

Vita vikiisha, watu wengi hudhani kwamba kazi imekwisha. Sivyo. Hapo ndipo mashindano mengine huanza: nani arudi kwake, nani amiliki ardhi, na nani atunge sheria.

Wakazi wa Kapsoya, katika jiji la Eldoret, wanalifahamu jambo hili. Kenya haikufikia vita kamili, lakini baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ghasia kubwa zilienea Uasin Gishu na sehemu nyingine. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mamia ya maelfu walihama makwao, na Uwanja wa Maonyesho wa Eldoret ukageuka kambi ya mahema.

Tarehe 28 Februari 2008 Bw. Mwai Kibaki na Bw. Raila Odinga walitia sahihi mapatano ya kugawana madaraka, Bw. Kofi Annan akiwa mpatanishi. Ghasia zikatulia. Lakini sahihi za wakubwa hazikumrudishia mkulima shamba lake. Mwezi wa Mei Serikali ilianza kuwarudisha waliohama. Wengine walirudi, wengine waliwaogopa jirani zao.

Yafaa kufahamu asili ya shida hii. Wakati wa ukoloni mashamba ya Uasin Gishu yalitwaliwa na walowezi. Baada ya Uhuru mwaka 1963 mengi yaliuzwa, na watu wa makabila mbalimbali wakayanunua, wengine kwa kuchanga fedha pamoja. Basi mmoja hudai kwa haki ya mababu, mwingine kwa hati aliyoilipia.

Marekani nayo ilipata mtihani kama huo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, watumwa wapatao milioni nne waliachwa huru. Baadhi yao walipewa mashamba, lakini mwaka huo huo Rais Andrew Johnson aliamuru yarudishwe kwa mabwana wa zamani. Katiba iliwapa uraia mwaka 1868, na wanaume haki ya kura mwaka 1870. Lakini mwaka 1877 majeshi yaliyowalinda yaliondolewa, na haki hizo wakanyang'anywa kwa miaka mingi.

Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila raia haki ya kumiliki mali po pote nchini. Tena iliunda Tume ya Taifa ya Ardhi, na kuipa kazi ya kuchunguza dhuluma za zamani. Lakini ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa kwa Rais mwaka 2013, ilikwama Bungeni kwa miaka mingi.

Funzo ni wazi. Sheria isiyotekelezwa haimlindi mnyonge. Kwa hiyo yampasa kila mwananchi kumwuliza mjumbe wake ametenda nini juu ya ardhi na fidia, wala asingoje siku ya kura, ambapo wachochezi huwa tayari kumjibu kwa uongo.