Je, Wajua? Chai, Kimea na Mengine ya Jikoni

Je, wajua kwamba chai ya asubuhi inayosindikiza chapati na maharage humnyima mwanao madini ya chuma? Tanini zilizomo kwenye chai hushikamana na chuma cha maharage na mboga za majani, kikapita tumboni bila kuingia mwilini. Kuongeza maziwa hakuiondoi shida hiyo. Isogeze chai saa moja au zaidi mbali na mlo, na mahali pake weka kipande cha embe au kachumbari iliyokamuliwa ndimu, kwa sababu vitamini C hukisaidia chuma kuingia.

Na kwa vitamini C, usidharau pera. Lina zaidi ya mara tatu ya ile iliyomo kwenye chungwa la uzito uleule, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa. Ubuyu nao unayo ya kutosha, ila nazungumzia unga mweupe wa ndani ya kibuyu chake. Ule mwekundu unaopaka watoto midomo ni peremende, tusidanganyane.

Je, wajua tumbo la mtoto wa miezi minane hubeba takriban robo lita tu kwa mlo mmoja? Hapo ndipo uji unapotushinda wengi. Ukiupika mwepesi, anashiba maji. Ukiupika mzito, anautema. Ufumbuzi ni kimea, kilekile cha togwa, na muuzaji sokoni akikuangalia kwa jicho la pembeni ni kwa sababu wateja wake wengi huenda nacho kwenye pombe. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikifanyia kazi kwa ajili ya watoto katika miaka ya 1980.

Kukitengeneza nyumbani si kazi kubwa. Loweka ulezi usiku kucha, mwaga maji, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, kisha anika juani na usage. (Ukitumia mtama, pangusa machipukizi yote kabla ya kusaga, maana yana sumu ya sianidi.) Pika uji mzito, ule ambao mwiko unasimama. Uache upoe hadi uwe vuguvugu, halafu koroga kijiko cha kimea. Baada ya dakika chache utauona ukilegea wenyewe mpaka unamiminika, kwa sababu vimeng'enya vya kimea vinakatakata wanga. Urudishe jikoni uchemke kidogo kuua vijidudu. Mtoto anakunywa uji mwepesi wenye nguvu ya uji mzito. Kimea ukikitia wakati uji unachemka hakitafanya kazi, maana moto unaviharibu vimeng'enya hivyo.

Kuhusu unga wa lishe wa nafaka saba, nina neno moja. Mahindi, mtama, uwele, ngano na mchele vyote kwa sehemu kubwa ni wanga, hata ukivichanganya kwenye mfuko wenye picha ya mtoto mnene. Uji wa nafaka moja uliotiwa maziwa, dagaa waliosagwa au karanga safi unaupita.

Nasema karanga safi kwa sababu ya sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Kupika hakuiondoi, wala kukaanga. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu ndizo huuzwa rahisi zikiwa zimeshasagwa, kwa hiyo nunua nzima, chambua mwenyewe, kisha usage. Mbovu usimpe ng'ombe wa maziwa, maana sumu itarudi mezani ndani ya glasi.

Je, wajua kiazi lishe kimoja cha wastani, kile cha rangi ya chungwa ndani, humtosheleza mtoto mdogo vitamini A ya siku nzima? Watatu kati ya wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 walituzwa kwa kazi ya viazi hivyo, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda. Usimpe kikavu, maana vitamini A huhitaji mafuta ili iingie mwilini. Mawese mekundu ya Kigoma yana mafuta na vitamini hiyo kwa pamoja, ili mradi hujayachoma mpaka yakapauka.

Asali? Mtoto asionje kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hata kwa kikohozi. Huweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia, na sumu yake hulegeza misuli mpaka ya kupumulia.

Chumvi yenye madini joto hupoteza madini hayo ikikaa wazi juani au karibu na jiko. Funika kopo, na itie chakula kikikaribia kuiva. Kuhusu kiasi, Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate, krispi na vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Soda ya kola ya mililita 300 nayo ina takriban gramu 30 za sukari. Vipime vijiko saba kwenye glasi ya maji mbele ya watoto, uone nani ataomba ya pili.

Mtoto akiharisha na duka la dawa liko mbali, chukua lita moja ya maji safi na salama, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kurundika. Mnyweshe kidogo kidogo huku ukijiandaa kumpeleka kituoni, na ukifika uliza vidonge vya zinki, ambavyo hutumiwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Anayenyonya aendelee kunyonya.