Mwingereza Ajifunzapo Kiswahili

Pwani ya Lindi imezoea wageni wajao na lugha yao. Mwaka 1875 Askofu Edward Steere alianzia Lindi safari yake ya kwenda kwa Mataka, katika nchi ya Wayao, na mwaka uliofuata akarudi akawaweka watu Masasi. Hapo alikuwa amekwisha kupiga chapa, mwaka 1870, kitabu cha kuwafundisha Waingereza Kiswahili, na kingine cha hadithi alizozisikia kwa watu wa Unguja. Kwa hiyo twajua kwamba alijifunza kwa masikio pia, wala si kwa macho tu. Sisi walimu wa Mitwero na penginepo tuombwapo kumfundisha Mwingereza, yatupasa kujua mambo yamshindayo, na sababu zake.

Kwanza ni matamshi. Irabu zetu ni tano, na kila moja ina sauti yake. Mwingereza huandika herufi tano kama sisi, lakini sauti zake ni nyingi kuliko herufi hizo. Hupenda kuipinda o mwishoni ikaelekea u, na e ikaelekea i. Na irabu isiyotiwa mkazo huimeza. Yeye aliyekwisha kujifunza Kihispania hupata nafuu, kwani lugha hiyo nayo ina irabu tano safi. Tena hasikii upesi urefu wa irabu. Akitaka kumsifu mtumishi kwa mwenzake kwa kusema, "Atakufaa," naye akaifupisha ile a ya mwisho, amekwisha kumtabiria kifo. Na ng' ya ng'ombe anayo mwishoni mwa maneno yake, lakini hajazoea kuanza nayo. Basi aitamke kwanza mwishoni, kisha ailete mbele pole pole. Th na dh hazimsumbui, bali huenda zikawasumbua wanafunzi wetu wasemao "selasini".

Pili ni maneno. Mwingereza akitafuta ndugu za maneno yake katika Kiswahili hupata wachache. Ajuaye Kihispania hufurahi aonapo meza, bendera na mvinyo, kwani maneno hayo tuliyapata kwa Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498, na Kireno na Kihispania ni lugha ndugu. Lakini hazina kubwa haimo humo. Tusimpe mgeni maneno mia kwa siku moja; tumpe shina moja na matawi yake: funga, fungua, fungia, fungwa, fungana; kisha kifungo, ufunguo na mfungwa. Akiyaelewa hayo, ataweza kukisia neno asilolisikia bado. Na saa tumweleze mapema: saa moja ya asubuhi kwetu ni saa saba kwake, nasi twahesabu tangu kucha. Asiyeambiwa atakuja shuleni watoto wamekwisha kwenda zao.

Tatu ni sarufi, na hapa ndipo penye kazi. Kwetu jina ndilo litawalalo sentensi nzima: kitabu changu kimoja kimeanguka, vitabu vyangu viwili vimeanguka. Mwingereza hubadili jina peke yake, na maneno mengi yaliyobaki huyaacha kama yalivyo. Basi asikariri ngeli kama hesabu. Aseme sentensi nzima, umoja na wingi, mpaka sikio lake likatae kosa. Jambo jingine: yeye ana neno moja ambapo sisi twasema "ni mwalimu" na "yuko shuleni". Wahispania nao hutenga mambo haya kwa vitenzi viwili, ser na estar. Na sisi tena twatenga mahali: yupo, yuko, yumo.

Lakini kizuizi kikubwa kuliko vyote hakimo katika lugha, kimo katika adabu yetu. Mgeni akisema "vitabu yangu", watu humwitikia, "Naam, bwana," na kumsifu kwamba anajua sana. Mwaka wa kumi angali akisema vile vile, wala hajui kwa nini watoto huinamisha vichwa na kucheka. Mtu huyu ndiye atakayewahubiria watu, au kuwapa dawa, au kusikiliza maneno yao yaliyo ya siri. Je, adabu hiyo imemfaa nani?

Iko njia isiyovunja heshima. Akisema "vitabu yangu imeanguka", mjibu, "Naam, vitabu vyako vimeanguka," na uendelee na mazungumzo. Asikiaye vema atajirekebisha bila kuaibishwa. Asiposikia, mwambie waziwazi, mkiwa wawili tu. Naye mgeni yampasa aombe kusahihishwa tangu siku ya kwanza, kwani kuuliza si ujinga, na mwenyeji hatasema asipoulizwa.