Je, Wajua? Wanane Walioangamia Angani Rutshuru
Je, wajua ya kwamba kusini mwa Kasese na Bwera nchini Uganda, ng'ambo ya Ziwa Edward, katika ardhi ya Rutshuru nchini Kongo, ndiko walikofariki dunia askari wanane wa Umoja wa Mataifa, sita wa Pakistan, mmoja wa Urusi na mmoja wa Serbia, tarehe 29 Machi 2022, helikopta yao aina ya Puma ilipoanguka katika safari ya upelelezi, hali vita baina ya jeshi la Kongo na waasi wa M23 vimepamba moto? Kila upande uliushutumu mwingine kuwa ndio ulioidungua helikopta hiyo. Ama marehemu hao, waliokuja kutoka mbali kulinda amani ya watu wasio jamaa zao, wanastahiki kukumbukwa kwa taadhima.