Kisima na ndoo: kuwasha injini kwa betri ndogo

Fikiria ni usiku, Kilwa Kisiwani. Mgonjwa anatakiwa kuvushwa kwenda Kilwa Masoko. Nahodha anapiga stata: tik, tik, basi. Taa ya boti inawaka vizuri, ila injini imegoma. Umeme upo, sasa tatizo nini?

Stata haihitaji umeme mwingi, inahitaji umeme wa haraka. Ikivuta ampea 200 kwa volti 10, sekunde moja, ni kilojuli 2 tu. Betri ndogo ya pikipiki, ya ampea-saa 7, hubeba takriban kilojuli 300! Lakini umeme wake hutokana na mmenyuko wa kikemia, na mmenyuko una mwendo wake. Ni kisima chenye maji tele, kamba moja.

Supakapasita ni ndoo. Hutunza chaji juu ya uso wa kaboni, haisubiri kemia, hivyo huimwaga kwa mkupuo. Chukua sita za faradi 500, volti 2.7 kila moja, uzifunge kwa mfululizo. Betri ndogo inazijaza taratibu kupitia rezista, dakika chache tu, kisha unapiga stata.

Kwenye baridi, mfano Makete mwezi Juni, betri huwa nzito zaidi, na hapo ndoo hii husaidia sana. Kwetu Kilwa adui ni joto, linalozeesha betri na supakapasita pia. Ziweke kivulini. Na usiunganishe ncha zake kwa spana: chaji yote itamwagika papo hapo, utaungua.