Anayekesha na Daftari

Mtihani wa Kidato cha Nne wa mwezi Novemba unapokaribia, hospitalini huja vijana wenye malalamiko yanayofanana. Kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, ukurasa mmoja wameusoma mara tatu na hawakumbuki kitu. Mama ameshaamua kuwa ni malaria. Mtoto apimwe, ndiyo, maana malaria ipo. Lakini majibu yakiwa safi, mwulizeni analala saa ngapi na kuamka saa ngapi.

Wengi hulala saa saba za usiku na kuamka saa kumi na moja. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila siku, naye amepata 4! Wakati wa usingizi ndipo ubongo unapoyaimarisha yale yaliyosomwa mchana. Basi anayetumbukiza miguu katika beseni la maji baridi ili asisinzie anaandika kwa mkono mmoja na kufuta kwa mwingine. Kahawa ya jioni nayo hubaki mwilini kwa saa nyingi. Simu, tusiseme.

Wazazi, angalieni jinsi mambo haya yanavyozunguka. Mtoto anaogopa kufeli. Hofu inauamsha mwili kana kwamba ameona chui, usingizi unakimbia. Asubuhi hana hamu ya masomo, anasinzia darasani, alama zinashuka, hofu inaongezeka. Nyumbani anaitwa mvivu, kumbe pengine ndiye mwenye bidii kuliko nduguze, ila amechoka. Kumwambia "ukifeli usirudi hapa" ni kumwongezea usiku mwingine wa kukesha.

Binti zetu wana shida ya pekee. Akitoka shule achote maji, apike, aoshe vyombo, amlaze mdogo wake. Daftari analifungua saa nne za usiku. Kaka yake anaweza kuosha sufuria, mikono anayo. Binti asome mapema, redio ipunguzwe sauti, na ifikapo saa nne awe ndani ya chandarua, hasa usiku wa kuamkia mtihani.

Msimnunulie dawa za usingizi dukani. Kama amekosa usingizi kwa wiki kadhaa, mleteni tumwone. Na akisema kwamba haoni faida ya kuishi, msimkemee wala msimwache peke yake. Mleteni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.