Kamba Aliyekufa Asitupwe Horini

Ugonjwa wa madoa meupe uliangamiza kamba wa kufugwa nchini Msumbiji mwaka 2011, kisha Madagaska mwaka 2012. Bwawa zima laweza kufa kwa siku 3 hadi 10. Virusi vyake husafiri majini, lakini hatari kubwa ni mzoga: kamba wazima huula wakaambukizwa. Wa kutahadhari zaidi ni kaa, kwani huvibeba bila kuonyesha dalili na kuvipeleka bwawa hadi bwawa. Hata kamba mbichi wa barafu akifanywa chambo huvileta, kugandisha hakuviui. Mlaji hadhuriki. Mfugaji akiona madoa meupe gambani, asifungulie maji ya bwawa yarudi horini. Amwarifu afisa wa uvuvi mara moja, na mizoga aizike kwa chokaa mbali na maji.