Facebook, X ama Telegram imekataa kufunguka kwa brauza? Soma hii kabla uguse paswadi yako

Saa mbili usiku, uko zako Masaku, bando iko, na kuna mteja amekuandikia kwa Facebook anataka ile jaketi uliposti asubuhi. Unafungua brauza. Kale kaduara kanazunguka, kanazunguka, alafu unabaki unaangalia karatasi nyeupe. Unazima simu, unawasha. Bado. Unafuta kila kitu kwa brauza. Bado. Unajaribu kubadilisha paswadi. Mwisho wa yote unapigia jamaa fulani anajiita fundi, na yeye anakwambia tu, "Buda, nitumie ile namba imekuja kwa SMS nikusaidie."

Hapo kwa SMS ndio wasee hupoteza akaunti. Page ingefunguka yenyewe baada ya saa moja, lakini sasa akaunti ya wateja wako wote iko kwa mikono ya mtu mwingine.

Kwa hivyo tuelewane mapema. Page ikikataa kufunguka, shida iko mahali pamoja kati ya nne: kifaa chako, njia unayopitia (bando, Wi-Fi, kampuni ya simu), seva za wenye mtandao, ama kuna mtu amefunga njia makusudi. Paswadi haimo. Paswadi ikiwa mbaya utaambiwa ni mbaya, na kuambiwa hivyo kunamaanisha page imefunguka. Kama hujafika hata mahali pa kuulizwa, paswadi yako haijakosea mtu.

Kuna siku moja tu hii hesabu ilichanganya karibu kila mtu. Tarehe 5 Machi 2024, jioni ya kwetu, Facebook na Instagram zilitoa watu nje ghafla, dunia mzima. Ukijaribu kuingia, paswadi ile ile ya kila siku inakataliwa. Watu wakaamini wamedukuliwa, wakaanza kubadilisha paswadi kama wazimu. Shida ilikuwa kwa Meta wenyewe, na baada ya kama masaa mawili mambo yakarudi. Aliyekaa kitako akangoja hakupoteza kitu.

Ile kubwa zaidi ilikuwa Oktoba 4, 2021. Facebook, Instagram na WhatsApp zililala karibu masaa sita, kuanzia kitu saa moja kasoro jioni saa za Kenya. Wahandisi wao walikuwa wanafanya marekebisho ya kawaida, amri moja ikakata mawasiliano kati ya vituo vyao vya data, na ile mitambo inayoambia intaneti "facebook.com inaishi hapa" ikajiondoa. Jina lilikuwepo lakini hakuna aliyejua linaelekea wapi. Ni kama stage nzima ya Machakos imehamishwa usiku na hakuna tauti wa kukuonyesha. Hata ungenunua simu mpya hiyo jioni, hungefungua kitu.

Kwa hivyo, kabla ufute chochote, uliza kama ni wewe peke yako. Angalia Downdetector, ama andikia beshte aliye kwa kampuni tofauti ya simu. Kama yeye pia amekwama, weka simu chini ukapike.

Kama ni wewe peke yako

Fanya majaribio mawili, yote ya bure. La kwanza, badilisha njia: kama uko kwa Wi-Fi, izime utumie data; kama uko kwa data, omba beshte hotspot ya laini tofauti. La pili, badilisha brauza: kama ni Chrome imekataa, jaribu Firefox ama Opera Mini. Ikifunguka ulipobadilisha njia, kifaa chako hakina makosa. Ikifunguka ulipobadilisha brauza, njia haina makosa.

Opera Mini ina siri yake. Ukiiweka kwa ile hali ya kubana data sana, page haiji moja kwa moja kwako. Seva za Opera ndizo huenda kuichukua, zinaikunja, alafu zinakutumia. Kwa hivyo Opera Mini ikifungua kitu ambacho Chrome imekataa kabisa kwa laini hiyo hiyo, kuna uwezekano mkubwa barabara ya kati yako na huo mtandao ndio imefungwa, na Opera imepita kwa kichochoro.

Sasa tuongee kuhusu njia, juu hapa ndio wasee wengi hukwama bila kujua.

Bando kwanza. Kuna zile bando za WhatsApp pekee. Uko nayo, WhatsApp inaingia fiti, unaamini mtandao uko, alafu brauza inakataa. Si ugonjwa, hiyo bando haikununuliwa ya brauza. Kama ni Safaricom, piga *144# uone salio lako ama *544# uangalie mambo ya data. Ni dakika moja, na inaokoa masaa ya kulaumu simu.

Alafu kuna Wi-Fi ya mtaa, zile za Mlolongo, Athi River na kwa hostel, ambazo unalipa kwa M-Pesa unapewa masaa kadhaa. Masaa yakiisha, alama ya Wi-Fi inabaki pale juu imejaa kabisa, lakini hakuna kitu kinapita. Hiyo Wi-Fi inataka kukurudisha kwa page yake ya malipo, ila Facebook na X hutumia njia iliyofungwa kwa usalama, na brauza haikubali mtu aingilie katikati. Matokeo ni kosa la ajabu ama page nyeupe. Andika neverssl.com pale juu. Hiyo page iliundwa bila ulinzi makusudi, na mara nyingi itakuletea ile page ya malipo ilikuwa imejificha.

Wi-Fi ya chuo ama ya ofisi ni maneno mengine. Huko kunaweza kuwa na mtu amefunga TikTok ama Facebook saa za kazi. Ukizima Wi-Fi ukatumia data yako ikafunguka, jibu umepata. Usimsumbue mtu wa IT, ni yeye amefunga.

Soma kile kimeandikwa, usifunge haraka

Wengi wetu tukiona maandishi ya Kizungu yenye herufi kubwa tunafunga haraka. Lakini hayo maneno ndiyo yanakwambia shida iko wapi.

Ukiona ERR_NAME_NOT_RESOLVED ama DNS_PROBE_FINISHED_NXDOMAIN, brauza imeuliza "huyu anaishi wapi?" na ikakosa jibu. Kwanza angalia kama umeandika jina vizuri, si faceboook yenye o tatu. Kama jina ni sawa, kwa Android 9 kwenda juu ingia mipangilio ya mtandao, tafuta Private DNS. Kama kuna kitu uliweka zamani cha kuzuia matangazo, kirudishe kwa hali ya kujiamulia yenyewe. Kama hakukuwa na kitu, jaribu kuweka dns.google.

ERR_CONNECTION_TIMED_OUT inamaanisha imebisha mlango hadi ikachoka. Mara nyingi ni mtandao dhaifu ama seva imelala. ERR_CONNECTION_RESET ni kama mtu amekukatia simu. Ikitokea mara moja, puuza. Ikitokea kila mara kwa mtandao mmoja huku mingine yote inafunguka fiti, anza kushuku kuna mtu amefunga njia.

Na kuna ile ya kutisha, "Your connection is not private". Kabla uamini kuna mdukuzi, angalia tarehe na saa. Kila mtandao una cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Simu yako ikiamini tuko 2015, cheti cha leo kitaonekana hakijazaliwa, na brauza itakataa. Hii hupata sana kompyuta za cyber: ile betri ndogo ya mviringo ndani ya mashine ikikufa, kila umeme ukizimwa saa inarudi miaka nyuma. Rekebisha saa, page inafunguka. Lakini kama saa iko sawa na hayo maandishi bado yapo, hasa kwa Wi-Fi ya bure, usibonyeze kuendelea kwa nguvu alafu uweke paswadi. Toka, tumia data yako.

Tukiwa bado kwa cyber: mashine nyingi bado ziko Windows 7. Chrome iliacha kuzihudumia mwanzoni mwa 2023, toleo la mwisho likiwa 109. Kwa simu, Android 7 ilibaki nyuma mwisho wa mwaka huo huo. Mitandao ya kijamii hubadilisha mitambo yake kila wiki, na brauza ya kizee inafika mahali haielewi inaambiwa nini, inakuachia page nusu. Kwa Windows 7, Firefox iliendelea kutunza toleo lake la 115 muda mrefu baada ya Chrome kuenda, kwa hivyo jaribu hiyo kwanza.

Kuhusu kufuta kila kitu

Kila mtu anakushauri "futa kache na kuki". Sawa, wakati mwingine inasaidia, juu brauza inaweza kuwa imeshikilia kipande cha zamani cha page. Lakini kuki ndizo zinakumbuka kwamba ni wewe. Ukizifuta, unatoka nje, na hapo sasa ndio paswadi inatakikana. Kama uliisahau, na akaunti uliifungua form two na laini ulitupa kitambo, umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe.

Kwa hivyo jaribu kwanza dirisha la Incognito. Hilo halitumii kuki za zamani na kwa kawaida halibebi vile viongezi vya brauza, kama vya kuzuia matangazo. Mtandao ukifunguka hapo, shida ni kuki ama kiongezi. Zima viongezi kimoja kimoja. X kwa mfano inajulikana kugoma kwa Firefox ukiwa umeweka ulinzi mkali wa kuzuia ufuatiliaji, na yenyewe hukuandikia hivyo pale kwa page. Ikibidi ufute, bonyeza kale ka-alama kando ya anwani pale juu, ufute data ya huo mtandao mmoja tu, uachie mingine. Na kabla ya hapo, ingia kwa apu kama bado inafunguka, hakikisha namba na barua pepe zilizo kwa akaunti ni za leo.

Na kama wamefunga?

Hii si hadithi ya nchi za mbali. Novemba 2023 wakati wa KCSE, Telegram ilisumbua Wakenya wengi. Mwaka uliofuata haikuwa siri tena: Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza kampuni za simu zifunge Telegram hadi mtihani uishe Novemba 2024, sababu ikiwa karatasi za mtihani kusambazwa huko. Msee wa Tala anayeuza viatu kwa channel yake ya Telegram hakuwa anaiba mtihani wowote, lakini naye alifungiwa. Mimi naona ni kama kufunga soko mzima kwa sababu ya mwizi mmoja.

Kutofautisha kufungwa na ajali si rahisi. Mei 12, 2024 kebo mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ikawa konokono Afrika Mashariki yote. Hapo hakuna mtu alifunga. Lakini Juni 25 mwaka huo huo, siku vijana waliingia Bunge kwa sababu ya Mswada wa Fedha, mtandao ulianguka tena, siku moja tu baada ya Mamlaka kusema haina mpango wa kuzima. Kampuni zikasema ni kebo. Watu hawakuamini, na mashirika kama BAKE na ICJ Kenya yakaenda kortini. Mei 2025 Mahakama Kuu ikatoa amri ya muda ya kuzuia intaneti isizimwe kesi ikiendelea.

Dalili ya kebo ni kila kitu kuwa pole pole. Dalili ya kufungwa ni mtandao mmoja kufa kabisa huku YouTube inacheza. Ukitaka uhakika kuna apu ya bure, OONI Probe, inayopima kama laini yako imefungiwa mitandao fulani, Telegram ikiwemo. Jua tu kwamba majibu yake huwekwa wazi kwa umma.

Mtandao ukiwa umefungwa, VPN huwa inapita, na Kenya hakuna sheria inakukataza kuitumia. Shida ni gani unaweka. Siku mtandao ukifungwa, magrupu ya WhatsApp hujaa faili za "VPN ya bure" ambazo hazitoki Play Store. VPN inabeba kila kitu unachofanya, kwa hivyo ukiweka ya mtu usiyemjua umempa mlango. Proton VPN ina toleo la bure na ina jina la kulinda. Iweke mapema, juu siku ya kufungwa hata page ya kuipakua inaweza kukataa.

Na kwa madereva wa trela wanaopiga kambi Mlolongo: Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, wakati wa uchaguzi, na ikabaki imefungwa miaka baada ya kura kuhesabiwa. Kwa hivyo ikikwama ukivuka Malaba, usifute kitu kwa simu yako. Tanzania nayo ilifunga X Mei 2025, na huko VPN ina masharti: tangu 2023 TCRA inataka anayetumia ajitangaze kwao. Hiyo ujue kabla ya Namanga.